Zaidi ya kuzikana: dhana potofu kuhusu chama kimoja cha udugu cha Richmond

Taja chama chenye matawi, mavazi rasmi na maneno ya siri ya kuingilia mkutanoni, na watu wataanza kunong'ona habari za Freemason na utajiri wa ghafla. Independent Order of St. Luke kilikuwa na mambo hayo yote. Ila wengi wa wanachama wake pale Richmond, jimbo la Virginia, Marekani, walikuwa wanawake weusi wafua nguo, watumishi wa majumbani na vibarua wa viwanda vya tumbaku. Kilichowakutanisha ni hofu ya kuugua bila akiba na kufa bila jeneza.

Dhana: Maggie Walker ndiye mwanzilishi.
Hapana. Mary Prout alikianzisha Baltimore mwaka 1867. Walker, mtoto wa mfua nguo, alishika uongozi mwaka 1899 na kukikuta chama mahututi: wanachama 1,080, dola 31.61 kwenye hazina, madeni ya dola 400. Kufikia miaka ya 1920 wanachama walikuwa wamefika kama 100,000, katika majimbo 24.

Dhana: Chama cha kuzikana hakizai maendeleo, michango huingia na kutoka tu.
Hapa ndipo penye kiini cha habari. Walker aliona kwamba kila wiki senti za watu wake zilikuwa zikienda kulala katika benki za wazungu, na benki hizo hizo hazikuwa tayari kuwakopesha kwa masharti ya haki. Mwaka 1901 aliwaambia wajumbe kwamba chama kinahitaji gazeti, duka na benki yake. Gazeti lilitoka 1902. Benki, St. Luke Penny Savings Bank, ilifunguliwa Richmond Novemba 1903, na siku ya kwanza ikapokea zaidi ya dola 9,000. Mteja mmoja alifungua akaunti kwa senti 31, na hakufukuzwa! Watoto walipewa visanduku vya kudunduliza. Dola ikitimia, wanafunguliwa akaunti. Amana hizo ndizo zilizokopeshwa watu wa mtaa, na kufikia 1920 familia zaidi ya 600 zilikuwa zimepata nyumba kwa mikopo hiyo. Wasichana weusi nao walipata kazi za ukarani, kazi ambazo ofisi za wazungu mjini humo ziliwanyima.

Kwa hiyo mchango wa mazishi haukuwa mzigo. Ulikuwa mazoezi: watu waliozoea kulipa ada kila mwezi, kusoma hesabu mkutanoni na kumbana mweka hazina, tayari walikuwa na nusu ya benki.

Dhana: Ilikuwa benki ya kwanza ya watu weusi.
Mji ule ule ulishakuwa na benki ya chama kingine cha udugu, True Reformers, iliyofungua milango mwaka 1889. Ilianguka mwaka 1910 kwa mikopo isiyosimamiwa na wizi wa ndani. Baada ya hapo benki ya St. Luke ikatenganishwa kisheria na chama chake. Naona hatua hiyo iliiokoa, maana undugu ni dhamana nzuri ya kuchangia, lakini ni dhamana mbaya ya kukopesha.

Dhana: Walker hakushindwa kitu.
Duka lake, lililofunguliwa 1905, lilifungwa kabla ya kutimiza miaka 7. Wafanyabiashara wazungu waliwabana wauzaji wa jumla wasiliuzie bidhaa, na wateja weusi wa kutosha hawakujitokeza. Sababu hiyo ya pili huwa inarukwa katika masimulizi mengi.

Benki haikufuata njia ya duka. Mwaka 1930, zilipokuwa zikianguka nyingine nyingi, iliungana na benki nyingine ya weusi ya Richmond na kuwa Consolidated Bank and Trust. Walker, aliyekuwa tayari kwenye kiti cha magurudumu, akawa mwenyekiti wa bodi.