Maoni ya Pwani ni maoni ya nani?

Mkaazi wa Likoni, Mombasa, anaweza kuwa Mdigo, Muislamu, Mpwani, kuli wa bandarini na abiria wa feri, yote kwa siku moja. Kazi kubwa ya mwanasiasa ni kumchagulia ni lipi kati ya hayo aende nalo kituoni kupiga kura.

Pwani ya Kenya tumeliona hilo zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, waliotaka Mwambao, yaani pwani, ujitenge na Kenya walisimamia ule ukanda wa maili kumi uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar. Mwanasiasa Ronald Ngala na wafuasi wake huku wa chama cha KADU, wengi wao Wamijikenda, hawakuona chao humo. Wao walidai majimbo, yaani kila eneo lijitawale ndani ya Kenya. Mwaka 2019 mambo yakageuka. Serikali ilipoagiza mizigo ya bandarini iende Nairobi kwa reli ya SGR, madereva wa malori, mawakala wa forodha na kina mama wa vibanda vya chakula, wenyeji na watu wa bara, walilalamika kwa sauti moja kama watu wa Mombasa. Makabila yao yalikuwa yale yale.

Kwa hivyo ukisikia redioni kwamba "Pwani imeegemea kwa fulani", uliza kwanza waliohojiwa huku walikuwa wangapi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 Mombasa kati ya 47,564,296 nchini, yaani kama asilimia 2.5. Kura ya maoni ya watu 2,000 nchi nzima, ikigawanywa kwa uwiano huo, huipa Mombasa watu kama 50. Kwa wale 2,000 matokeo yanaweza kukosea kwa pointi 2 hivi juu au chini. Kwa 50, pointi 14. Mgombea aliyepewa asilimia 45 hapa huenda ana 31, huenda ana 59. Sasa wagawe hao 50 kwa dini na kabila uone unabaki na wangapi. Na bado mchambuzi atakaa studio atueleze "kura ya Waislamu"!

Maswali nayo yana mambo yake. Anayeanza kwa kukuuliza kabila, ndipo aulize mgombea, keshakuvika kofia kabla hujajibu. Na mhoji mwenye lafudhi ya bara akipiga simu Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, mara nyingi hujibiwa kwa adabu tu, kisha yaliyo moyoni yakasemwa barazani.

Sheria ya 2012 kuhusu kura za maoni za uchaguzi inamtaka anayezichapisha aeleze nani amelipia, wameulizwa wangapi, wameulizwa nini na kiwango cha makosa. Siku 5 za mwisho kabla ya uchaguzi, kutangaza matokeo ni marufuku. Ile picha ya asilimia inayosambaa kwenye WhatsApp usiku wa kuamkia kura, ambayo haina jina la aliyeifanya wala idadi ya walioulizwa, haistahili kutumiwa mtu mwingine.