Thamani ya haki ya mkopo ikishuka, deni liko palepale

Wiki iliyopita nimelisikia tena lile swali: thamani ya haki ya mkopo ikishuka, je, deni nalo limeshuka? Tulikuwa kwenye kikao cha kamati ya ukaguzi ya kampuni moja, tumefika kwenye maelezo ya mikopo, na mjumbe mmoja akaweka kidole kwenye jedwali. Safu ya kwanza, ya kiasi kilichoko kwenye mizania, inasema shilingi bilioni 10; ya pili, ya thamani ya haki, yaani bei ambayo mkopo huo ungepata sokoni leo, inasema bilioni 8.63. "Mtaalamu," akaniuliza, "kumbe deni letu limepungua kwa zaidi ya bilioni moja?" Kabla sijajibu, mwenzake alishapendekeza jambo hilo liingie kwenye taarifa ya mwenyekiti kwa wanahisa.

Halijapungua hata shilingi moja. Swali hili nimeshalijibu kwa wenye viwanda, kwa maofisa wa benki, kwa waandishi wa habari za biashara na kwa wahasibu wenye CPA zao. Safari hii naliandika.

Mkopo wenyewe ni huu. Kampuni ilikopa bilioni 10 kwa riba ya asilimia 10 isiyobadilika. Imebaki miaka mitano, riba inalipwa mara moja kwa mwaka, mtaji unarudishwa wote mwishoni. Leo kampuni hiyohiyo ikienda kukopa upya, benki itaidai asilimia 14. Chukua malipo ya bilioni 1 kila mwaka na ile bilioni 10 ya mwisho, uyarudishe kwenye thamani ya leo kwa asilimia 14 (maana pesa ya kesho ina thamani ndogo kuliko ya leo), unapata bilioni 8.63. Basi. Hakuna malipo yaliyofutwa, hakuna tarehe iliyosogezwa. Desemba ikifika bilioni 1 ya riba inalipwa kama mwaka jana.

Kwenye mizania mkopo unakaa kwa gharama yake, yaani ulichopokea, jumlisha riba inayokusanyika, toa ulicholipa. IFRS 9 (IFRS ni viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha) ndiyo inasema hivyo kwa mikopo ya kawaida. Ile 8.63 inawekwa kwenye maelezo kwa sababu IFRS 7 inataka msomaji aione, na IFRS 13, inayotumika tangu Januari 2013, inaeleza namna ya kuipima. Msomaji akichanganya safu hizo mbili, kosa si la kiwango.

Sasa niende kwenye kinachoniudhi hasa. IFRS 13 haiulizi "ungelipa kiasi gani ulimalize deni leo?" Inauliza mtu mwingine angetaka alipwe kiasi gani leo ili aubebe mkopo wako, mkopo ukiendelea kuwepo, na hatari ya kutolipwa ikibaki ileile kabla na baada ya kuhamishwa. Ni maswali mawili tofauti kabisa. La kwanza jibu lake liko kwenye mkataba wako: soma kifungu cha kulipa mapema. Mkataba wa kampuni ile unataka mtaji wote pamoja na faini. Kwa hiyo wakitaka kujitoa leo watalipa zaidi ya bilioni 10, huku maelezo yakisema 8.63. Vyote viwili ni kweli.

Wanaonibishia huleta hoja ya kununua deni sokoni kwa bei ya chini. Inawezekana, kama ni hatifungani inayouzwa sokoni, una pesa mkononi, na mwenye nayo anakubali kuuza. Lakini kinachoshusha bei ya deni lako mara nyingi ndicho hichohicho kinachokunyima pesa. Angalia Kenya, ingawa ni serikali na si kampuni. Hatifungani yake ya dola ya mwaka 2014 yenye riba ya asilimia 6.875, iliyotakiwa kulipwa Juni 2024, iliwahi kuuzwa sokoni kwa bei ya chini sana. Nafuu ile haikumfikia mkopaji. Februari 2024 Kenya ilipoinunua sehemu kubwa kabla ya muda, ililipa bei kamili, na pesa ilizipata kwa hatifungani mpya ya dola bilioni 1.5 yenye riba ya asilimia 9.75.

Tena ile tofauti ya bilioni 1.37 si kitu kimoja, na hapa naomba usiharakishe. Tuseme katika zile pointi nne zilizoongezeka, tatu zimetoka kwenye riba za hatifungani za serikali, yaani kila mtu zimempanda, na moja imetoka kwa kampuni yenyewe kwa sababu biashara yake imeyumba. Kokotoa kwa asilimia 13 unapata bilioni 8.945. Kwa hiyo takriban bilioni 1.055 imeletwa na soko na milioni 318 imeletwa na kudhoofika kwa kampuni. Ile ya kwanza ina maana ya kiuchumi: umeshika pesa ya asilimia 10 wakati wengine wanalipa 13. Ni jambo zuri kuwa nalo, na nakubali meneja wa fedha aliyefunga riba ile alifanya kazi nzuri. Lakini ile milioni 318 inatokana na watu kuanza kuamini kwamba huenda usilipe. Ukiisoma kwa wanahisa kama mafanikio, unawapotosha.

Mabenki makubwa yalishapita njia hiyo hadharani. Robo ya tatu ya mwaka 2011, wakati soko likihofia benki ya Marekani ya Morgan Stanley imejiingiza mno kwenye mabenki ya Ulaya, matokeo yake yalibeba dola bilioni 3.4 za mapato zilizotokana na madeni yake yenyewe kushuka thamani. JPMorgan, nayo benki ya Marekani, robo hiyohiyo ilikuwa na bilioni 1.9 za aina hiyo. Hawakuvunja kanuni yoyote, kanuni ndiyo iliyokuwa hivyo kwa deni ambalo kampuni imechagua kulipima kwa thamani ya haki. IFRS 9 imelirekebisha: sehemu inayotokana na hatari yako mwenyewe haipiti tena kwenye faida na hasara, inakwenda kwenye mapato mengine jumuishi, sehemu iliyo nje ya faida ya mwaka, na hairudi kwenye faida, hata ukilinunua deni hilo. Marekani nao walibadilisha mwaka 2016.

Ila marekebisho hayo hayagusi derivativu, yaani mikataba ambayo thamani yake inafuata bei ya kitu kingine, kama riba au dola. Swapu (mkataba wa kubadilishana malipo) au fowadi (mkataba wa kununua au kuuza baadaye kwa bei iliyokubaliwa leo) ikiwa upande wako wa kudaiwa, hatari yako ya kutolipa bado inaingia kwenye thamani yake, na mabadiliko yake yanapita kwenye faida na hasara, isipokuwa kama umeifanyia uhasibu wa kinga, yaani umeihesabu pamoja na hatari inayokukinga nayo. Nimewakuta wahasibu wazoefu wakidhani jambo hili lilikwisha. Halijaisha.

Na kwenye derivativu ndiko watu wanageuza kosa juu chini. Mkopo ukishuka thamani wanashangilia, fowadi ikionyesha hasara wanasema "hiyo ni ya kwenye makaratasi tu". Umekubali kununua dola milioni 2 kwa shilingi 2,650. Siku ya kufunga hesabu, bei ya fowadi kwa muda uliobaki ni 2,500. Una deni la takriban milioni 300, ukitoa kidogo kwa ajili ya muda na hatari, na linakaa kwenye mizania yenyewe, si kwenye maelezo. Siku ya mkataba utalipa 2,650 kwa kila dola, upende usipende. Waulize walioagiza dola mapema kabla shilingi ya Tanzania haijapanda ghafla mwishoni mwa 2024. Halafu tafadhali, tumia bei ya fowadi ya muda uliobaki, usitumie bei ya leo dirishani. Na ile barua ya benki inayotaja thamani ya mkataba, uliza wameipataje. Benki ni upande wa pili wa mkataba wako.

Ngazi tatu ambazo IFRS 13 inazitumia kupanga vipimo vya thamani ya haki nazitaja haraka. Ngazi ya 1 ni bei ya soko hai bila kuigusa, ya 2 ni vipimo vinavyoonekana sokoni, ya 3 ni pale kipimo kikubwa hakionekani. Ngazi ya 3 haina maana ya namba ya kubuni. Na hatifungani kuorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam hakuifanyi kuwa Ngazi ya 1 kama miezi inapita bila mtu kuinunua.

Sasa niseme lisiloandikwa vitabuni. Ile asilimia 14 niliipata wapi? Riba za hatifungani za serikali zinaonekana kwenye minada ya Benki Kuu ya Tanzania. Nyongeza juu yake, ile inayohusu kampuni yenyewe, niliipima kwa mikopo ya kampuni zinazofanana nayo, na kila mkopo kati ya hiyo una dhamana yake na uhusiano wake na benki. Ningeweza kutetea asilimia 15, na kwa asilimia 15 thamani ni bilioni 8.32. Milioni 300 zimehama kwa uamuzi wangu mmoja. Tena ile "hamisho" ya IFRS 13 haijawahi kutokea kwenye mkopo wowote niliopima. Mikataba karibu yote inaikataza, kwa hiyo tunampima mwenye kulishika deni kama mali na kuchukua bei yake. Nimefanya kazi hii miaka mingi na bado sina hakika kwamba namba hiyo, kwa mkopo wa benki moja usiouzika, inamsaidia msomaji kuliko kumwonyesha tarehe na kiasi cha kila malipo.

Mjumbe yule aliniuliza, "Sasa kwenye taarifa ya mwenyekiti tuandike nini?" Nikamwambia waandike kwamba kampuni inadaiwa bilioni 10, inalipa bilioni 1 ya riba kila Desemba, na leo ikikopa tena itadaiwa asilimia 14. Akaandika pembeni ya ukurasa, akaufuta mstari wa mwenzake kwa kalamu.