Mkazo kwenye ncha ya ufa si namba moja

Chesisi ya lori ikipata ufa, mafundi wa gereji za Nyakato hapa Mwanza hutoboa tundu pale ufa unapoishia, ndipo wanachomelea. Wako sahihi. Kinachonichosha ni sisi tuliosoma, tunaosimama pembeni na kueleza: "Pale nchani nguvu haina mwisho."

Kwanza si nguvu, ni mkazo: nguvu ukiigawa kwa eneo linaloibeba. Na uwanja wa mkazo ni ramani ya mkazo huo, nukta kwa nukta, kuizunguka ncha. Maana ndiyo hiyo, haina zaidi.

Hilo la "haina mwisho" lina asili yake. Mwaka 1913 Charles Inglis aliwaonyesha wahandisi wa meli wa Uingereza kwamba bamba likivutwa, mkazo kwenye ukingo wa tundu la duara hufika mara 3 ya ule wa mbali. Libane tundu liwe jembamba kama ufa, hesabu inapaa bila kikomo. George Irwin akaongeza mwaka 1957: ukisogea mbali na ncha mara 4, mkazo unabaki nusu. Lakini hesabu zote mbili zinachukulia kwamba chuma kikiachiwa hurudi kama kilivyokuwa. Chuma halisi hakivumilii hivyo. Mkazo ukizidi, tabaka za atomu zinateleza na umbo linabadilika lisirudi tena.

Hapo ndipo fuwele moja, yaani kipande ambacho atomu zake zote zimejipanga kwa mpangilio mmoja, inapotofautiana na chuma cha chesisi. Chesisi ni chembe nyingi za fuwele, kila moja imelala upande wake, hivyo kwa jumla mkazo hubadilika taratibu ukiizunguka ncha. Fuwele moja, mfano shaba au nikeli ya mapanga ya injini za ndege, ina njia 12 tu za kuteleza. Mwaka 1987 James Rice, mwanasayansi wa Marekani, alikokotoa mkazo kwenye ncha ya ufa ndani ya fuwele ya namna hiyo isiyozidi kuwa ngumu inapoteleza. Ramani ikatoka kama chapati iliyokatwa kutoka katikati: ndani ya kila kipande mkazo ni uleule, ukivuka mpaka unaruka ghafla. Kwa mlalo mmoja maarufu wa ufa, mipaka ipo kwenye nyuzi 54.7, 90 na 125.3 kutoka mbele ya ufa, na kuteleza kote kunajikusanya kwenye mistari hiyo. Majaribio ya fuwele za shaba yalivikuta vipande kweli, ingawa pembe zake hazikulingana zote na za hesabu.

Kwa hiyo, ndugu yangu, mtu akikuuliza mkazo wa nchani ni kiasi gani, usikimbilie "hauna mwisho." Muulize kwanza: pembe ipi, na fuwele imelalaje?