Rod Serling: dhana potofu tunazozisikia Arusha, na ukweli wake

Vijana wa Arusha wanaojifunza kuandika tamthilia wengi wanaijua The Twilight Zone, tamthilia ya televisheni ya Marekani, kwa vipande vya video kwenye simu. Mwandishi wake, Rod Serling, ndiye hawamjui vizuri, na inaniuma kwa sababu ana mengi ya kuwafundisha.

Dhana: Alikuwa mtangazaji tu, yule bwana wa suti anayetokea mwanzoni.

Ukweli: Ndiye aliyeibuni tamthilia hiyo. Kati ya sehemu 156 zilizorushwa na kituo cha televisheni cha CBS kuanzia 1959 hadi 1964, aliandika 92. Nyingine ni za wenzake, wakiwemo Richard Matheson na Charles Beaumont, nao wanastahili heshima yao.

Dhana: Ni hadithi za kutisha zisizo na ujumbe.

Ukweli: Hapa ndipo anapoonewa zaidi. Mwaka 1955 kijana Mweusi wa miaka 14, Emmett Till, aliuawa kikatili Mississippi, na walioshtakiwa wakaachiwa huru. Serling akataka kuandika tamthilia kuhusu jambo hilo. Wadhamini wakaogopa kuwaudhi wateja wa majimbo ya Kusini. Ilipoonyeshwa 1956, mkasa ulikuwa umehamishiwa New England, aliyeuawa si Mweusi tena, na hata chupa za Coca-Cola zilikuwa zimeondolewa zisije zikawakumbusha watazamaji Kusini. Baadaye, ndani ya The Twilight Zone, alipoleta viumbe wa sayari nyingine, maneno yaleyale yakapita. Ni njia ya bibi zetu na hadithi za sungura na fisi: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua.

Dhana: Ni mambo ya Wamarekani wa zamani, hayatuhusu.

Ukweli: Serling alifariki 1975, kabla Tanzania Bara haijawa na televisheni. Lakini tazama sehemu ya 1960 inayohusu mtaa wa Maple Street. Umeme unakatika, gari la jirani mmoja linawaka lenyewe, na kabla ya usiku kwisha watu waliokuwa wakisalimiana wameshamwaga damu. Nani wa Sakina au Ngarenaro hajaona mtaa ukimgeukia mtu mmoja kwa uvumi? Shule nyingi za Marekani bado zinaifundisha.

Dhana: Bila viumbe wa ajabu asingejulikana.

Ukweli: Alikuwa na tuzo tatu za Emmy, zile za televisheni ya Marekani, kabla ya 1959. Tamthilia yake Patterns ya 1955 ilipendwa hata waigizaji wakarudi kuicheza upya mubashara mwezi uliofuata. Ni watu wa ofisini wanaogombea madaraka, basi. Anayetaka kujifunza kuandika mazungumzo aanzie hapo.