Tunduma hakuna ardhi isiyo na nchi

Yaani wiki hii peke yake huyu ni mteja wa tatu. Mzee kaja ofisini hapa Mbeya na karatasi ya kuuziana kiwanja Tunduma, nikaangalia mchoro nikamwambia mzee wangu hapa uko ndani ya ukanda wa mpaka, siwezi kukupimia. Akanijibu kwa kujiamini kabisa, "Mwanangu, pale si ni nomanzilendi, hakuna serikali inayopamiliki, anayewahi ndo wake." Na hela keshalipa yote. Imeniuma sana.

Jamani tuelewane. Mpaka wa nchi na nchi ni mstari, na mstari hauna upana. Tanzania inapoishia Zambia inaanzia hapohapo, hamna hata sentimita moja inayobaki katikati bila mwenyewe. Ule uwazi mnaouona kwenye bikoni, yaani zile nguzo za alama ya mpaka, upande wa huku ni ardhi ya Tanzania kwa sheria za Tanzania, upande wa Nakonde ni ya Zambia kwa sheria za Zambia, unaachwa wazi ili bikoni zionekane, mpimaji akisimama kwenye moja aione inayofuata, na askari wa doria wapite. Ukijenga pale umejenga kwenye ardhi ambayo mwenyewe yupo na kakataza, hati hupati, na siku ya kubomolewa utabaki unalia.

Ardhi inayokataliwa na nchi zote mbili kweli ipo, lakini iko mbali huko, inaitwa Bir Tawil, kati ya Misri na Sudani, jangwa la kama kilomita za mraba 2,060. Ilitokea kwa sababu Waingereza waliweka mstari mmoja 1899 halafu mwingine 1902, Misri inashika wa kwanza, Sudani inashika wa pili, kila mmoja anautaka mstari unaompa Halaib, lile eneo la pwani ya Bahari ya Shamu, na ukiuchukua huo Bir Tawil inabidi uiachie. Kwetu hamna mkanganyiko huo. Mstari wa kutoka Ziwa Nyasa mpaka Ziwa Tanganyika Wajerumani na Waingereza waliukubali 1890, tume ikaja kuupima 1898, makubaliano yakasainiwa 1901.

Wengine wananiuliza mbona afisa wa Zambia anagonga muhuri upande wetu, si ina maana mpaka umesogea? Haujasogea, kile ni kituo cha pamoja, nchi zimeruhusiana maafisa wakae sehemu moja ili malori yasikaguliwe mara mbili, basi.

Kabla hujatoa hata shilingi nenda na mpimaji aliyesajiliwa ukasimame kwenye bikoni mwenyewe, halafu upite ofisi ya ardhi ya halmashauri. Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa hautoshi, nalisema hili kila siku.

Ndugu zangu wa Kyela nao, mafuriko yakipita wanasema mto Songwe, ulioko mpakani na Malawi, umehama kwa hiyo shamba limeshakuwa la Malawi. Kanuni ya kawaida ya mipaka ya mito ni kwamba mto ukila ukingo polepole mpaka unaufuata, ila ukikata njia mpya ghafla mpaka unabaki kwenye mkondo wa zamani, labda nchi zikubaliane vingine. Usihame uraia kwa sababu ya mvua ya msimu mmoja.

Halafu eti 1884 walikaa Berlin wakagawa Afrika yote kwa rula. Ule mkutano uliisha Februari 1885, ulishughulika na biashara ya bonde la Kongo, meli kwenye mto Kongo na Niger, na namna ya kudai maeneo ya pwani, mistari yetu ilikuja na mikataba ya Wajerumani na Waingereza ya 1886 na 1890. Na Kilimanjaro haikuwa zawadi ya Malkia Victoria kwa mjukuu wake Kaiser Wilhelm, mstari wa mlima ulikubaliwa 1886, Wilhelm kawa Kaiser 1888.

Kesho asubuhi nashuka na yule mzee Tunduma, nikamsimamishe kwenye bikoni aone kwa macho yake, tukitoka hapo tunamtafuta aliyemuuzia.