Je, kila vali ya moyo inayovuja huhitaji upasuaji?

Wengi huamini kwamba mtu akiambiwa vali ya moyo wake inavuja, hana njia nyingine ila kupasuliwa haraka. Hofu hiyo inaeleweka, kwani habari yoyote ya moyo hushtua.

Moyo una vali 4 zinazoelekeza damu upande mmoja, na vali isipofunga sawasawa, sehemu ya damu hurudi ilikotoka, ndani kwa ndani, bila kumwagika nje ya moyo. Uvujaji mdogo sana huonekana hata kwa watu wenye afya njema, na mara nyingi hauhitaji tiba yoyote. Uvujaji mkubwa ni jambo jingine: upasuaji huweza kushauriwa hata kabla mgonjwa hajahisi dalili, iwapo chumba cha kushoto cha chini kimeanza kutanuka au kudhoofika. Dawa hupunguza maji mwilini na kushusha shinikizo la damu, lakini haziwezi kuiziba vali yenyewe. Vali ya mitrali, iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, inapoweza kurekebishwa, kwa kawaida hilo hupendelewa kuliko kuibadilisha, maana mwenye vali bandia ya kimekanika hulazimika kutumia dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote.

Anayetaka kuhakikisha aombe nakala ya majibu ya ekokadiografia, yaani kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, kisha atazame mambo mawili: kiwango cha uvujaji, yaani kidogo, cha wastani au kikubwa, na ukubwa wa vyumba vya moyo. Amuulize daktari kipimo kirudiwe lini. Hata hivyo, anayekosa pumzi akilala chali au kuvimba miguu asisubiri tarehe hiyo.