Kizio astronomia: kipimo cha umbali wa sayari kutoka kwenye Jua

Neptuni iko kilomita bilioni nne na nusu kutoka kwenye Jua. Mwanafunzi ataikariri tarakimu hiyo na kuijibu kwenye mtihani, lakini kichwani haimjengei picha yoyote. Ndiyo maana wanaastronomia wana kipimo chao, kizio astronomia: wastani wa umbali kati ya Dunia na Jua, kilomita milioni 150 hivi. Mwaka 2012 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia uliufunga rasmi kuwa mita 149,597,870,700. Mwanga huukata mwendo huo kwa dakika 8 na sekunde 20 hivi.

Kwa kipimo hiki Utaridi ni 0.39, Zuhura 0.72, Dunia 1, Mirihi 1.52, Mshtarii 5.2, Zohali 9.6, Uranusi 19.2 na Neptuni 30.

Tuzitandaze hapa Unguja, kila kizio kiwe kilomita moja. Jua tuliweke Darajani, sokoni mjini Zanzibar, tufe lenye upana wa mita 9 na kitu. Dunia inakuwa kama chungwa. Sayari nne za kwanza zote zinabaki mjini, unazipitia kwa miguu. Baada ya Mirihi kuna pengo kubwa, na humo ndimo vinamozunguka vijisayari kama Ceres. Mshtarii inakwenda kuwa karibu na uwanja wa ndege, Zohali Bububu, Uranusi maeneo ya Mahonda, na Neptuni unaifuata karibu na Chwaka. Chombo cha Voyager 1, kilichorushwa na Marekani mwaka 1977, kimeshavuka vizio 160: kwa ramani yetu kimetoka Unguja, kimeimaliza Pemba yote na kuuacha nyuma mnara wa Kigomasha. Ukubwa huo wa utupu, kwangu mimi, ndilo jambo la kwanza kufundishwa, kabla ya majina ya sayari.

Tarakimu hizi lakini ni wastani tu, kwa sababu njia za sayari si duara kamili. Pluto, sayari kibete iliyo nje ya orodha yetu, husogea hadi karibu vizio 30 na kurudi nyuma hadi 49; kati ya 1979 na 1999 ilikuwa karibu na Jua kuliko Neptuni.

Dunia nayo husogea. Mwanzoni mwa Januari iko kilomita milioni 147 kutoka kwenye Jua, na mwanzoni mwa Julai milioni 152. Kwa kuwa Januari sisi tuko kwenye fukuto la kaskazi na Julai kwenye kipupwe, ni rahisi kudhani joto letu linatokana na ukaribu huo. Sivyo. Januari hiyohiyo London wanatetemeka kwa baridi, na umbali wao na Jua ni uleule. Majira huletwa na mhimili wa Dunia, ulioinama nyuzi 23.4: Januari nusu ya kusini, ambamo Zanzibar imo, ndiyo iliyoinamia upande wa Jua.